Diski za Mama Studio

Mama Studio hakupenda harusi. Alisema harusi zote ni moja, zinatofautiana rangi ya vitambaa tu, na kwamba bwana harusi wa Lusahunga na wa Bugarama wakibadilishana makoti hakuna atakayegundua, pengine hata mabibi harusi wenyewe. Hayo aliyasema akiwa amekaa mbele ya kompyuta, anakata na kuunga video ya harusi ya watu, kazi iliyomlisha yeye na binti yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiuze vipuri vya malori kama wenzake wa pale njia panda. Akanijibu kwamba vipuri hutoka dukani vikaenda zao, lakini vitu vyake yeye haviondoki.

Sikumwelewa, na sikujisumbua kumwelewa. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimepangiwa kufundisha Kiswahili shule ya msingi ya jirani, na chumba nilichopata kilikuwa nyuma ya studio yake, ukuta kwa ukuta. Kwa miaka yote niliyokaa pale nilimsikia kuliko nilivyomwona. Nilijua akikohoa, nilijua akikasirika na umeme, nilijua mashine ikianza kuunguruma maana kikombe changu mezani kilitetemeka. Asubuhi nikipita mlangoni kwake nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kugeuza shingo. Ilinichukua muda kuzoea kuheshimu kisogo.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Dirisha lilikuwepo, lakini lilizibwa kwa ubao kwa sababu ya vumbi la barabara ya Rusumo, na juu ya ubao pakatundikwa pazia lenye picha ya maporomoko ya maji na swala wawili, ambalo watu walisimama mbele yake kupiga picha. Malori yalisimama pale nje usiku na mchana, ya kwenda Rwanda, ya kwenda Burundi, ya kurudi Dar es Salaam. Madereva walikula wali, wakalala, wakaondoka. Kila mtu Lusahunga alikuwa ana mahali anakwenda. Mama Studio peke yake alikuwa anatoka kwenye kiti kwenda mlangoni na kurudi, na bado aliwaonea madereva huruma. Alisema masikini wale wamefungwa kwenye usukani.

Mimi nilikuwa namcheka kimoyomoyo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya zamani, kasha lake jeusi limegeuka rangi ya majivu. Ilinunuliwa na mume wake, Msukuma mmoja mrefu aliyetoka upande wa Shinyanga na kamera begani, akafika pale njia panda na kukuta hakuna mpiga picha kuanzia Biharamulo mjini hadi karibu na mpaka. Huyo nilimkuta akiwa hai, lakini kwa muda mfupi. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na ndiye aliyeanzisha kauli iliyoifanya studio ile ijulikane hadi Nyamiaga: kwangu hakifutwi kitu. Wapiga picha wengine wakishakukabidhi CD yako wanafuta, wapate nafasi ya harusi nyingine. Yeye aliwaambia wateja kwamba hata nyumba ikiungua, hata panya wakila CD, waje, harusi yao wataikuta. Diski ikijaa alinunua nyingine akaichomeka pembeni ya mwenzake.

Alifariki barabarani, akirudi na pikipiki kutoka kwenye kazi. Mama Studio mpaka siku hiyo hakuwa ameigusa ile kompyuta zaidi ya kuifuta vumbi. Watu walikuja kumpa pole. Baadaye wale wale wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa aibu, wanazunguka maneno, mwisho wanauliza: na ile video yetu, mama, aliifikisha wapi? Akakaa kwenye kiti cha marehemu aitafute. Hivyo ndivyo alivyoanza. Nadhani hakuwahi kuinuka tena.

Kauli ya marehemu aliichukua kwa ukali kuliko mwenye kauli mwenyewe. Mzee mmoja muuza mbao aliachana na mkewe, akaoa tena, na mke mpya akamtuma kwa Mama Studio kwenda kufutisha ile harusi ya kwanza. Mzee alifika na heshima zote. Mama Studio akamsikiliza, akamkaribisha chai, halafu akamwambia kwamba harusi ile si ya kwake peke yake, ni ya mashangazi waliocheza, ni ya kwaya, ni ya yule mama aliyepika mpaka akababuka mkono. Wote hao wakisema ifutwe, ataifuta. Na ile harusi ya pili alipoihariri aliihifadhi ndani ya folda ya ile ya kwanza, kwa kuwa, alisema, bwana harusi ni yule yule. Nilicheka mpaka nikasikika upande wa pili wa ukuta. Mzee hakucheka.

Lakini mtu asiyefuta hapati likizo. Hilo ndilo nililokuja kuliona polepole. Mashine ile ilikuwa na uzee wake: ukitaka kutoa harusi moja ikiwa tayari, ilibidi iachwe iungurume kutwa nzima, na umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Kwa hiyo hakwenda mahali. Hakwenda kwenye misiba ya kwao isipokuwa ya kwenda na kurudi. Hakwenda shambani. Binti yake, ambaye alisoma uuguzi akaajiriwa Mwanza, alipoolewa, Mama Studio alipanda basi akaenda, akavaa sare, akakaa meza ya wazazi. Kabla keki haijakatwa alipigiwa simu kwamba umeme wa Lusahunga umerudi. Video ya harusi hiyo nimeiona, maana na yenyewe ipo kwenye diski. Mama wa bibi harusi anaonekana sehemu moja tu, anatoka mlango wa ukumbi na mkoba begani, anageuka kutazama nyuma, kisha hayumo.

Nilipomuuliza kama hakuumia, alisema aliumia sana. Alilisema hivyo hivyo, waziwazi, huku anabonyeza mausi.

Kuna jambo jingine la kumhusu ambalo mimi, kwa kazi yangu, sikuweza kulipita. Yeye alikuwa Mhangaza wa Ngara, na kwa Mhangaza wa umri wake L na R ni wageni wanaofanana. Alisema anakwenda kurara. Alisema rori limeziba njia. Mimi aliniita Mwarimu mpaka nikazoea, na kuna siku nilijikuta darasani najiita hivyo. Marehemu mume wake alikuwa kinyume chake kabisa. Kwa Wasukuma wengi ni L inayotawala, kwa hiyo yeye alisema balabala, kalata, na halusi. Wakigombana walikuwa wanagawana alfabeti. Mke analalamika juu ya rori, mume anajibu juu ya balabala, na mimi nyuma ya ukuta nasahihisha madaftari ya watoto wa majirani zao, nazungushia duara nyekundu herufi zile zile mbili.

Hata baada ya mume kufa niliendelea kumsikia. Mama Studio, hata siku asizokuwa na kazi, alikuwa anawasha harusi za zamani na kuziacha ziendelee, sauti juu. Nilidhani anapenda kwaya. Siku moja niliingia kuomba kiberiti nikamkuta amelala juu ya meza, kichwa kwenye mikono, skrini inaendelea. Haikuwa kwaya. Ilikuwa mahali ambapo maharusi wanapangwa kwa ajili ya picha, hakuna muziki, na mtu asiyeonekana, aliyeshika kamera, anasema kwa sauti kubwa yenye ucheshi: "Bibi halusi, mwangalie mumeo. Usiniangalie mimi, mimi nimeshaoa." Watu wanacheka. Nilirudi chumbani bila kiberiti.

Binti hakuchoka kumwita. Mjukuu alizaliwa, chumba cha bibi kikatengwa, kitanda kikanunuliwa. Kila wiki simu ilipigwa na kila wiki jibu lilikuwa lile lile: wateja nitawaachia nani? Mwisho binti akabadili mbinu. Akasema, mama, si uhamishe vyote kwenye diski moja kubwa, mpya, uje nayo? Anayetaka video yake atapiga simu, utamtumia ukiwa huku huku. Nilijua ni habari kubwa kwa sababu alitoka nje kabisa, akasimama barabarani, akaja kuniambia mimi.

"Mwarimu," alisema, "nitaondoka na Rusahunga yote kwenye mkoba."

Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile. Alikuwa anarudia rudia neno hilo, mkoba. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kwanza, mashine ipewe nguvu ili zile harusi ambazo hazijamalizika zimalizike upesi, wenyewe wapewe. Pili, kila kitu kihamie kwenye diski mpya. Tatu, Mwanza. Aliniomba nimtafutie fundi mtulivu asiyepiga kelele, nikamletea mmoja kutoka Ngara mjini, mtu mzima, mkimya, anayefungua kompyuta kama mtu anayemvua mgonjwa shati.

Fundi alisema ile mashine haina kadi ya picha ya maana, ndiyo sababu inateseka. Kadi ikipatikana, kazi ya kutwa itakuwa ya saa moja. Dereva mmoja wa lori, mteja wa picha za pasipoti, akaahidi kuitafuta Kigali, na kweli akarudi nayo imefungwa kwenye fulana yake. Ilikuwa imetolewa kwenye kompyuta ya watu wa michezo, vijana wa kupigana vita kwenye skrini, kwa hiyo ilikuja na taa nyekundu zinazowaka na kuzima na feni mbili kubwa. Mama Studio akaitazama, akauliza kama inaweza kufanya harusi au inafanya ugomvi tu.

Ndipo ilipoanza safari ya kukwama. Kadi ilikuwa ndefu, ikagonga pale diski zinapokaa, haikuingia. Fundi akakata kile kizuizi cha bati kwa msumeno, kadi ikaingia, lakini diski zikakosa pa kukaa, zikawekwa nje juu ya kipande cha godoro. Kadi ikawashwa, mashine yote ikazima, kwa sababu ilidai umeme mwingi kuliko pawa saplai ya zamani ilivyoweza kutoa. Ikaletwa pawa saplai nyingine kwa basi kutoka Mwanza. Hiyo nayo ilikuwa nene, kasha likakataa kufunga. Mama Studio akashona gauni la kitenge, akaivisha kompyuta kuzuia vumbi, na fundi akalivua kwa sababu lingeunguza nyumba. Kila walichoongeza kilidai kingine. Nilikuwa nikirudi kutoka shule namkuta amesimama juu ya ile mashine iliyo wazi, mikono kiunoni, anaiangalia kwa hasira, na mkoba wake umetundikwa ukutani tayari.

Mwisho ilikubali. Siku ilipokubali tuliitwa wote kushuhudia. Harusi iliyokuwa inachukua kutwa ilitoka kabla chai haijapoa. Mama Studio alicheka, akapiga makofi, halafu, kwa mshangao wangu, akalia kidogo. Zile harusi zilizokuwa zimelala zikamalizwa moja baada ya nyingine, wenyewe wakaitwa, wakachukua, wakashukuru. Kadi ya wagomvi ilifanya kazi yake vizuri sana, sina la kuilaumu.

Ikabaki kuhamisha. Diski mpya ilikuwa moja, kubwa, nyembamba kama kitabu cha sala. Za zamani zilikuwa zimejaa mchanganyiko: harusi, lakini pia sinema za watu, nyimbo, picha za pasipoti za madereva ambao hawakurudi, na makorokoro mengine ya miaka. Fundi alishauri asibebe takataka. Andika neno pale juu, alimwambia, mashine itakukusanyia mafaili yote yenye neno hilo, uyachague kwa pamoja, uyahamishe. Kisha akaenda zake Ngara.

Mama Studio akaandika neno. Akaandika HARUSI.

Mashine ikamkusanyia. Zilikuja nyingi mno, skrini ikajaa, akashuka chini na chini hazikuisha, na kwa wingi ule nani angefikiri kuna iliyobaki? Akazichagua zote. Akarudia kwa UBARIKIO. Akakaa na mashine mpaka ikamaliza, akafungua moja hapa, moja pale, zote zikacheza. Hata mimi nilikaa naye kidogo. Nilizungumza habari za Mwanza, samaki, upepo wa ziwa, mjukuu. Kisha, kwa kuwa binti alisema zile diski za zamani zitafaa kwa kazi ndogondogo za mtu atakayekodi studio, alizifuta zote, zikawa safi, akaanza kuzijaza kazi mpya za miezi ya mwisho. Vilikuwa vitu vya kwanza kufutwa katika nyumba ile.

Sasa msomaji ameshajua. Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili, mimi ndiye niliyesikia kwa masikio yangu kupitia ukutani, na sikujua. Marehemu alikuwa anaandika alivyotamka. Folda zake zote, kuanzia ya kwanza alipofika njia panda mpaka ile ya wiki aliyofariki, ziliandikwa HALUSI. Mke alipokaa kwenye kiti akaendelea na za kwake, akaandika HARUSI. Mashine haijui kwamba Msukuma na Mhangaza wanasema kitu kimoja. Iliulizwa moja, ikatoa moja. Zilizohama zilikuwa zote za mke. Zilizobaki na kufutwa zilikuwa zote za mume.

Aliyeliweka jambo hilo wazi ni mama mmoja mzee wa Bugarama, wa familia zilizotoka Burundi miaka mingi nyuma zikapata mashamba na kubaki. Mtoto wake alikuwa amefungishwa ndoa zamani, marehemu akapiga video, na CD yao iliharibika kwa mvua. Sasa mtoto amefia mbali, kazini, na yule mama alitaka sehemu moja tu: pale bwana harusi anaposimama kushukuru wazazi. Alisema mtoto wake hakuwa msemaji, siku ile ndiyo pekee aliyosema. Alitaka waione wakikaa kumwombea. Mama Studio akamkaribisha kwa uhakika wote, akafungua diski mpya, akatafuta. Akatafuta tena. Nilikuwa chumbani kwangu, nikasikia kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia kwake, yaani kimya chenye mtu ndani.

Kisha nikamsikia anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mashine bado inahamisha, mama arudi wiki ijayo.

Fundi aliitwa. Alikaa na zile diski za zamani kwa uvumilivu mkubwa, akafukua alichoweza. Vilitoka vipande: nusu ya uso wa bibi harusi na nusu ya chini kijivu kitupu, mkono wenye kisu bila keki, watu wanacheza bila sauti. Juu ya zile za zamani zilikuwa zimeshaandikwa kazi mpya. Sauti hata moja haikupona. Mama Studio hakuuliza tena. Alimpa fundi chakula, akamsindikiza mpaka kituoni, akarudi, akashusha mkoba ukutani akauingiza uvunguni.

Nilitegemea angelia. Nilitegemea pia, nasema kweli, kwamba sasa angeondoka, maana kilichokuwa kimemfunga kilikuwa kimeisha. Binti alitegemea hivyo hivyo. Alikuja mwenyewe na gari la kukodi, akafunga vyombo, akakunja godoro. Mama alimsaidia kufunga kila kitu, akapakia, na gari lilipowashwa akateremka, akasema kuna mteja atakuja wiki ijayo. Binti alilia pale barabarani mbele ya madereva. Vyombo vilikwenda Mwanza bila mwenyewe.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya Nyamiaga. Nilifurahi kuondoka, na sitaki kujificha: nilikuwa nimechoka kusikiliza ule ukuta. Kila wiki watu walikuja. Si wengi, lakini walikuja, wa Bugarama, wa Biharamulo, wa vijiji vya ndani, kila mmoja na mtu wake wa kumtafuta, na wote waliambiwa mashine inahamisha. Niliona ni ukatili. Nilimwambia hivyo usoni, kwa heshima ya mkubwa lakini nilimwambia. Alinijibu kwamba mimi nimezoea kusahihisha.

Majuzi nilikuwa na safari ya Biharamulo. Basi liliposimama Lusahunga watu wapate kula, niliteremka kunyoosha miguu, miguu ikanipeleka studio. Mlango ulikuwa wazi. Ndani giza lile lile, na zile taa nyekundu za kadi ya wagomvi zinawaka na kuzima juu ya kuta. Alikuwa amekonda. Amekaa kwenye benchi mbele ya mashine, kile kiti cha zamani kimevunjika. Nilimwamkia, na safari hii aligeuka.

Tuliongea habari za shule, za mvua, za mjukuu ambaye sasa anaandika jina lake. Nilimuuliza kama kuna kazi. Akasema kazi hakuna, vijana wanapiga harusi kwa simu siku hizi. Mashine aliiwasha tu kila asubuhi. Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia aende kwa binti yake. Nikamwambia awaite wale watu wote siku moja, awaambie ukweli, watamwelewa, ni herufi moja tu, nani hajawahi kukosea herufi. Afunge huu mlango, aende akalee mjukuu. Nilisema mengi. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza yule muuza mbao.

"Mwarimu," alisema, "nikifunga huu mrango, ndiyo siku harusi zitakuwa zimefutika. Sasa hivi zipo. Watu wakipita hapa wanaona mrango uko wazi, wanajua harusi zao zipo, watoto wao wapo. Na wangu yupo. Mimi nikipanda basi, wote wamekufa siku moja."

Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Nilisimama pale naangalia ule mlango, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba haukuwa umemfungia yeye tu.

Honi ya basi ilipigwa. Nilikuwa naaga, ndipo kivuli kikaingia. Alikuwa ni yule mama mzee wa Bugarama, amejitanda kanga, miguu imejaa vumbi, ana fimbo sasa. Mama Studio alisimama, akamwamkia shikamoo, akamshika mkono na kumketisha, naye akarudi kwenye benchi lake. Yule mama hakuzunguka. Alisema amekuja tu kuulizia kama mashine imefika kwa mtoto wake. Alisema afya yake si nzuri, na asingependa kuondoka duniani hajamsikia.

Mama Studio alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta lile jibu lake la kila siku, na safari hii halikutoka. Aliangalia kibodi. Mikono yake ilikuwa mapajani, na iliendelea kukaa hapo.

Yule mama akasubiri. Kisha polepole akanigeukia mimi. Labda alinikumbuka, labda aliona shati na kalamu mfukoni.

"Wewe ni mwarimu," alisema. "Mwarimu hasemi uongo. Niambie wewe. Mwanangu yumo humo?"

Honi ilipigwa tena, kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa miaka kwa swali hilo. Nilikuwa na ukweli wote, na herufi zake zote mahali pake. Alikuwa ananitazama usoni, fimbo kati ya magoti, na macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu wa uzee.

"Yumo, mama," nilisema. "Mashine bado inahamisha."

Alitikisa kichwa taratibu, akashukuru, akasema basi atarudi Mungu akipenda. Nje, nilisikia basi langu likiingia barabarani bila mimi, likashika njia ya Biharamulo. Mama Studio alisogea kidogo kwenye benchi, akanipisha nikae.